Sherehe ya Shamimu

Katika maktaba ile ya chuo, upande wa Temeke, hakuna jambo lililompata mfanyakazi lisipite kwanza mikononi mwa Noela Komba. Mtu akifiwa, Noela ndiye aliyeandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp na kupanga nani aende msibani na nani abaki kaunta. Mtu akijifungua, Noela ndiye aliyekwenda kununua beseni na khanga. Mtu akistaafu, Noela ndiye aliyekodi viti, akaagiza pilau, akamfuatilia mgeni rasmi, na siku yenyewe akashika kipaza sauti na kuwachekesha watu mpaka mstaafu akasahau kulia. Kwenye mkataba wake kazi hiyo haikuwemo. Yeye aliajiriwa kuhudumia wasomaji wa vitabu vya rejea. Hii nyingine aliombwa aishike kwa muda, mwaka wake wa kwanza, mwenye nayo alipougua, na haikurudi tena ilikotoka.

Wenzake walimtania. Sadallah wa mapokezi alipenda kusema kwamba dada Noela akionekana anaandika kwenye kundi, kila mtu anajishika kifua kuhakikisha kama bado yuko hai. Noela alicheka pamoja nao. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Mbinga, mwenye sauti nene inayofika mwisho wa ukumbi bila kupaza. Lakini siku hizi kicheko chake kilikuwa kinatoka kwa kusukumwa, kama gari lenye betri mbovu.

Mumewe, Deogratias, alihamia Dodoma na wizara yake, akawa mtu wa mwisho wa mwezi. Mwanawe Wilfred alikuwa chuoni Mbeya. Na mama yake mzazi, Bi Rosalia, aliletwa kutoka Mbinga baada ya kiharusi kumlegeza upande wa kulia, akawekewa kitanda katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya Kimara. Mchana alitunzwa na Recho, binti wa kazi. Usiku alikuwa wa Noela: kumgeuza asifanye vidonda, kumpa dawa, kumbadilisha shuka. Adhana ya alfajiri ilimkuta Noela ameshainjika uji. Kisha alivuka mji mzima kwenda kazini, na jioni akauvuka tena kurudi, akafika nyumbani amechoka hata kujibu salamu za majirani.

Mtu mmoja tu pale kazini aliujua uzito huo wote, naye ni Shamimu Marijani.

Waliajiriwa pamoja, wakapewa meza moja kwa sababu ya uhaba wa meza, na tangu hapo wakawa wa kula pamoja. Shamimu alikuwa mtoto wa Tandika, kwao ni wenyeji wa Pwani wa tangu na tangu. Mwembamba, mwepesi wa ulimi, aliyeachika mapema na kuapa hatarudia. Mwezi wa Ramadhani Noela alikula chakula chake amejificha stoo ili asimtamanishe, na Shamimu alimcheka kwa hilo. Baba yake Noela alipofariki, Shamimu ndiye aliyepanda naye basi hadi Mbinga, akakaa jikoni na wanawake wa ukoo wasiomjua, akasugua masufuria mpaka matanga yakaanuliwa. Baada ya hapo Noela alimwita ndugu, na hakuwa anatia chumvi.

Kwa hiyo nafasi ya naibu mkurugenzi wa maktaba ilipotangazwa, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Shamimu.

"Nataka kuomba," Noela alimwambia, wamekaa kwenye kibaraza cha nyuma wanapokulia. "Si kwa ukubwa. Naibu hana zamu ya jioni. Hana Jumamosi. Na hakuna mtu atakayemtuma naibu akanunue beseni."

Shamimu alitafuna kwa muda. "Omba," alisema. Kesho yake akayasoma maombi yake na kumrekebishia. "Hapa usiseme 'nimesaidia'. Sema 'nimeongoza'. Jisifu kidogo, mwenzangu, hakuna atakayekusifia."

Noela akajisifu kidogo, akapeleka, akaitwa kwenye usaili, akarudi na matumaini. Usiku, akimgeuza mama yake, alianza kufikiria mambo madogo: kurudi nyumbani jua lingalipo, kulala Jumamosi hadi saa mbili.

Majibu yalitolewa kwenye kikao cha Jumatatu. Mkurugenzi, Dakta Leodegar, mtu mpole aliyezoea kuzungumza huku akifuta miwani, alisema chuo kimempata naibu, na kwamba ni fahari kubwa kwamba hakutoka nje bali ndani ya familia hii hii. Watu wakageuka kumtazama Noela. Wengine walishaanza kutabasamu.

"Tumpongeze Bi Shamimu Marijani," alisema Dakta.

Makofi yalichelewa kidogo, kisha yakaja. Noela naye alipiga. Alimtazama Shamimu upande wa pili wa meza, na Shamimu alikuwa ameinamia kalamu yake. Hapo Noela akaelewa kwamba mwenzake aliomba nafasi ileile. Aliomba, akaenda kwenye usaili kwa siku yake, akarudi akala naye wali, na hakusema neno.

Kikao kilipokwisha Dakta Leodegar alimvuta pembeni. "Bi Noela, najua na wewe uliomba. Ulifanya vizuri sana, nikwambie kweli. Ila wewe ndiye nguzo yetu kwenye haya mambo ya watu. Tukikuondoa pale, nani atashika?" Akafuta miwani. "Basi tuandalie kitu Ijumaa. Kitu kizuri. Naibu Makamu Mkuu wa Chuo ameahidi kuja."

"Sawa, Dakta," alisema Noela. Mdomo wake ulikuwa umezoea neno hilo.

Tangazo lilimchukua asubuhi nzima. Alishaandika matangazo ya aina hiyo mengi hata yakawa yanajiandika yenyewe, lakini hili liligoma. Aliandika "kwa furaha kubwa" akafuta. Aliandika "kwa furaha" akaiacha. Aliposoma tena aliona hakuna kosa, akalituma, na kundi likajaa pongezi. Mtu mmoja aliandika: "Hongera sana dada Noela." Kisha akaifuta haraka.

Mchana ule hakwenda kibarazani. Shamimu alimfuata kwenye kaunta ya rejea.

"Noela, tuzungumze."

"Pilau iwe ya ng'ombe au kuku?"

"Noela."

"Kuna watu hawali ng'ombe. Nitaagiza kuku."

Shamimu alisimama pale kidogo. Mwanafunzi mmoja alikuja kuulizia kamusi ya sheria, na Noela akamhudumia kwa upole kuliko kawaida, akamweleza hadi alichokuwa hajauliza. Alipoinua macho, Shamimu ameshaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa za kukimbia. Mama mpishi wa Tabata alibadilisha bei, wenye viti walitaka malipo kabla, ofisi ya mgeni rasmi ilibadilisha saa. Nyumbani Bi Rosalia alipata homa, na usiku wa kuamkia Ijumaa Noela hakulala kabisa. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda akimkanda kwa kitambaa cha maji mpaka homa ikashuka. Alipotaka kujilaza, jogoo wa jirani wakawika. Akavaa gauni la kitenge la sherehe, akampa Recho maagizo, akatoka.

Sherehe ilipangwa saa tisa, watu wakishatoka msikitini na kula. Ukumbi wa kusomea wa chini ulisafishwa, meza zikasogezwa ukutani, vitambaa vya zambarau vikafungwa kwenye nguzo. Noela aliendesha kila kitu. Aliwaketisha wageni, akatia utani kuhusu wanafunzi wanaorudisha vitabu wakishapata watoto, watu wakacheka. Alimtambulisha dada yake Shamimu, mama mmoja mnene aliyetoka Tandika na kikundi cha wanawake wenzake. Shamimu alikaa meza kuu, amevaa baibui ya kijani yenye nakshi, uso umetulia. Kila Noela alipomtaja alisema "naibu wetu", hakumwita kwa jina hata mara moja, na hakuna aliyegundua isipokuwa mwenyewe aliyetajwa.

Mgeni rasmi alifika amechelewa sana, watu wakasimama, wakakaa. Ratiba ilikuwa imebakiza hotuba, kukata keki na zawadi. Noela akakumbuka kwamba zawadi, seti ya vyombo vya udongo iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, bado iko stoo ya magazeti ya zamani, ghorofa ya pili, alikoificha isiguswe.

Alimnong'oneza Sadallah. "Nishikie kipaza sauti. Nakuja sasa hivi. Mgeni akimaliza waite kwenye keki."

"Nisemeje sasa, dada?"

"Sema chochote. Wewe unaongeaga siku nzima."

Alipanda ngazi polepole, magoti yakimlalamikia. Stoo ilikuwa na kiza na baridi ya chumba kisichofunguliwa. Harufu ya karatasi kuukuu ilimpokea vizuri. Sauti ya hotuba ilimfikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Aliiona zawadi juu ya rafu, akaona pia marundo ya magazeti yaliyofungwa kamba, yamepangwa sakafuni usawa wa kitanda. Akasema moyoni: nikae kidogo, miguu ipumue. Akakaa. Kisha akaegemea. Kisha akainua miguu.

Alipofumbua macho hakujua yuko wapi. Shingo ilimuuma, na shavuni alihisi mistari ya kamba. Aliona kwanza viatu viwili vya kike vyenye visigino, vimevuliwa na kuwekwa kando. Kisha akamwona Shamimu, amekaa juu ya boksi, mgongo ukutani, miguu peku ameinyoosha. Chini hakukuwa na hotuba wala muziki.

Noela aliinuka haraka. "Zawadi."

"Kaa," alisema Shamimu. "Wameshaondoka."

"Wote?"

"Wote. Keki imekatwa. Sadallah aliimba kaswida moja na wimbo mmoja wa harusi, mgeni rasmi akapenda sana. Walipofika kwenye zawadi hukuonekana, basi wakanipa mkono."

Noela alijifunika uso kwa viganja. Aibu ilimjia, lakini ilikuja kivivu, kwa sababu usingizi bado ulikuwa umemshika. Kila mtu wa idara yao, na mkubwa wa chuo juu yake, alikuwa amekaa akimsubiri mshereheshaji aliyelala.

"Dakta alisemaje?"

"Alituma watu wakutafute msalani. Mie nikawaambia umepata dharura ya mama, umeondoka." Shamimu alisugua kisigino chake. "Nilijua uko huku. Nilikukuta unakoroma. Nikasema nikikuamsha nitakuwa nimefanya dhambi ya pili."

Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu kwenye mabati ya mabweni.

"Ya kwanza ni ipi?" aliuliza Noela.

"Unaijua."

"Nataka uiseme wewe."

Shamimu alivuta pumzi. "Niliomba nafasi nikijua umeomba. Nikayasoma maombi yako, nikayarekebisha, na maombi yangu mwenyewe yakiwa ndani ya mkoba wangu. Nilitaka kukwambia siku ileile kibarazani. Nikajiambia nikimwambia, Noela atajitoa ili anipishe. Ndivyo ulivyo. Basi nikanyamaza, ili ushindane na mie kwa haki."

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa faida yangu."

"Ndivyo nilivyojiambia."

"Na kweli ni ipi?"

Shamimu alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kweli ni kwamba nilikitaka kile kiti, Noela. Nimekaa kaunta miaka yote hii naagizwa na watu niliowafundisha kazi. Nilikitaka, na niliogopa ukinitazama machoni nitajitoa mie. Sikutaka kujitoa."

Noela aliyasikiliza maneno hayo yakikaa. Alitegemea kukasirika, akatafuta hasira ndani yake kama mtu anavyotafuta funguo mkobani, na alichokipata ni uchovu tu. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, kidogo, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Hilo ningelielewa," alisema. "Ungeniambia tu, 'nakitaka'. Tulikuwaga tunaambiana hata ya wanaume."

"Najua."

"Mie nilijua pamoja na watu wote. Kwenye meza. Wakanigeukia kunipongeza, Shamimu."

Machozi yalimtoka Shamimu, akayafuta kwa ncha ya mtandio bila sauti. Noela hakumfuta, na hakumwambia aache. Alimwacha alie kiasi anachotaka.

Mwishowe Noela alisema, "Mie haya matukio sishiki tena. Beseni, misiba, keki, kipaza sauti, vyote. Kuanzia leo."

"Sawa," alisema Shamimu haraka. Kisha akasita, na Noela akaiona sura yake ikibadilika, ikiwa ya mtu mwenye ofisi. "Ila wiki ijayo kuna Wiki ya Kitabu. Nani atashika?"

"Hilo ni la naibu."

Shamimu alitaka kucheka, hakuweza. Alivaa viatu vyake, akaichukua zawadi mwenyewe kutoka kwenye rafu, akaikumbatia kifuani, na wakashuka ngazi taratibu, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Haikuwa rahisi kama ilivyosemwa. Jumatatu Dakta Leodegar alimwita Noela, akamwuliza hali ya mama, kisha akamwambia amesikia jambo lililomsikitisha. Noela alikaa wima.

"Dakta, sikatai kazi. Nakataa ile ambayo sikuajiriwa nayo."

"Lakini unaifanya vizuri, Bi Noela."

"Ndiyo. Na nimechoka."

Dakta alifuta miwani kwa muda mrefu, pengine kwa sababu neno lile halikuwa na jibu kwenye kanuni za utumishi. Shamimu, aliyekuwa ameketi pembeni na kalamu yake mpya, akapendekeza kamati ya watu wanne. Dakta akakubali kwa sharti kwamba Noela awafundishe kwa mwezi mmoja. Noela akatazama dirishani, akapima, akakubali. Haikuwa alichotaka. Zamu za jioni zilibaki palepale, na Jumamosi pia. Lakini mwezi ulipokwisha aliondoka kwenye uongozi wa kundi la WhatsApp, na siku hiyo alitembea hadi kituoni akiwa ameiweka simu mkobani bila kuigusa.

Wiki ya kwanza ya kamati mpya, dada mmoja wa kitengo cha majarida alijifungua pacha, na siku mbili zikapita kundi likiwa kimya. Siku ya tatu Sadallah akatangaza, akawabadilisha jinsia watoto wote wawili, akaomba radhi, akakosea tena. Noela aliisoma habari hiyo akiwa nyumbani. Vidole vilimwasha. Akaandika "Hongera", kama mtu mwingine yeyote, akaendelea kuchambua mchele.

Yeye na Shamimu walirudi kula pamoja, lakini si kila siku. Naibu alikuwa na vikao, na siku nyingine alileta chakula chake akala ofisini mlango umefungwa. Walipokutana kibarazani walizungumza mambo ya watoto wa watu, bei za vitu, mguu wa Bi Rosalia. Kulikuwa na mahali ambapo mazungumzo yalifika yakazunguka, kama maji yanavyozunguka jiwe. Noela hakujua kama jiwe lile litasogea. Hakuwa na nguvu za kulisukuma, na kwa kiasi fulani hakuona tena haja.

Jumapili moja, baada ya misa ya pili, alisikia hodi getini. Alikuwa Shamimu, amevaa dera la nyumbani, mkononi ana machungwa na ndizi kwenye mfuko. Hakuwa amefika Kimara tangu kabla ya uteuzi.

"Nimekuja kumwona mama," alisema, bado amesimama nje.

"Pita. Ameamka."

Bi Rosalia alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Maneno yalimtoka mojamoja tangu kiharusi, kila moja kwa jasho lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama. "Umekonda."

"Kazi, mama."

Shamimu alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono uliolegea, akauangalia. Kucha zilikuwa zimerefuka; Recho aliogopa kuzigusa, na Noela alikuwa akiahirisha kila usiku. Bila kuuliza mtu, Shamimu alifungua mkoba wake, akatoa kikatio cha kucha, akatandika taulo mapajani. Alianza na kidole gumba. Alikata taratibu, akivipapasa vidole kimojakimoja, akimsimulia Bi Rosalia habari za harusi moja ya Tandika ambapo bwana harusi alikuja na msafara kwenye nyumba isiyo yenyewe na akapewa chakula kabla ya kugundulika. Bi Rosalia alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Noela alisimama mlangoni ameegemea mwimo, akisikiliza, kitambaa cha jikoni begani.

Mkono mmoja ulipokwisha, simu ya Shamimu ikaita. Aliitazama, akafumba macho kidogo.

"Dakta," alisema. "Kesho kuna wakaguzi."

"Pokea," alisema Noela.

Shamimu alitoka barazani. Sauti yake ilisikika kupitia dirishani, ndiyo Dakta, sawa Dakta, nitaandaa Dakta, ikienda na kurudi jinsi alivyokuwa akitembea. Noela akakaa pale mwenzake alipokuwa amekaa, palipobaki na joto, akakiokota kikatio, akauchukua mkono wa pili wa mama yake na kuuweka juu ya taulo.

"Mwenzako," alisema Bi Rosalia, akavuta pumzi, "ana kazi nyingi."

"Anayo, mama," alisema Noela, akaanza kukata.